Rubani wa Bahari na Rubani wa Anga: Habari za Kutua katika Visiwa vya Lamu

Wazee wa pwani walisema kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maana ya asili ya methali hii ni nyepesi kwa kila mtu aliyepata kupanda jahazi. Abiria aweza kwenda nyuma ya chombo na aweza kwenda mbele yake, lakini mwisho wa matembezi yake ni kurudi katikati, palipo na ngama. Yafaa kuikumbuka methali hii tunapoanza habari za ndege. Chombo hicho chaweza kupanda juu kuliko mawingu na kupita juu ya nchi nyingi kwa siku moja, lakini sharti kirudi chini. Kupaa ni hiari, kutua ni faradhi.

Lugha yetu yenyewe imelitunza jambo hili katika neno moja. Ndege wa mwituni hutua juu ya mti. Jua hutua magharibi. Hamali hutua mzigo wake. Nahodha akifika bandarini huamuru watu watue tanga. Na ndege ya abiria, iliyozaliwa jana tu katika historia ya wanadamu, nayo hutua. Mambo haya matano yana neno moja kwa sababu yana asili moja: yote ni mwisho wa safari, na katika kila safari mwisho ndio unaotaka uangalifu mwingi zaidi. Katika insha hii twataka kutazama namna watu wa visiwa vya Lamu walivyojua kutua tangu zamani, namna ndege ilivyokuja kuingia katika elimu hiyo, na wajibu unaowapata wale wanaosimama karibu kuitazama.

Visiwa vya Lamu viko kaskazini mwa pwani ya Kenya. Vikubwa ni Lamu yenyewe, ambayo wenyeji huiita Amu, kisha Manda, kisha Pate. Na Kiwayu na Ndau viko mbele zaidi kuelekea mpaka wa Somalia. Mji wa Lamu una nyumba za mawe na vichochoro vyembamba, na mwaka 2001 uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Uwanja wa ndege, hata hivyo, hauko katika kisiwa cha Lamu. Uko Manda, ng'ambo ya mkondo wa bahari, na hapana daraja la kuviunganisha visiwa hivi viwili. Abiria akishuka katika ndege huenda kwa miguu hadi gatini, mizigo yake ikisukumwa kwa mkokoteni, kisha huingia mashuani na kuvuka mpaka mjini. Kwa hiyo kila mtu afikaye Lamu kwa ndege hutua mara mbili: mara ya kwanza kutoka hewani, na mara ya pili kutoka baharini.

Msomaji asidhani kwamba Manda ni kisiwa kilichopata maana kwa sababu ya uwanja wa ndege. Kilikuwa mahali pa kutua watu wa mbali zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Neville Chittick, aliyechimba magofu ya mji wa Manda katika miaka ya 1960 na 1970, alikuta vyombo vya udongo vilivyotoka Ghuba ya Uajemi, vikiwa ushahidi wa biashara iliyokuwako tangu karne ya tisa. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba wachimbaji wengine walikuta huko sarafu ya China, ya zamani za mfalme Yongle, aliyetawala tangu mwaka 1402 hata 1424. Upande mwingine wa kisiwa uko mji uliohamwa wa Takwa, ulioachwa na wenyewe katika karne ya kumi na saba. Hata leo anayetaka kwenda Takwa kwa mashua kupitia katikati ya mikoko hana budi kungoja maji yajae. Akichelewa kurudi, chombo chake kitakaa juu ya tope mpaka bahari itakapopenda kukiinua.

Hili la maji kujaa na kupwa lilikuwa somo la kwanza la rubani wa pwani. Katika siku za mitepe na majahazi, rubani hakuwa mtu wa anga. Neno hilo lilikuja kwetu kwa njia ya Kiarabu, na maana yake ilikuwa mtu ajuaye njia za majini, mwenye kukiongoza chombo kisipande mwamba. Alijua milango ya bandari na vipwa vyake. Alijua siku za bamvua, maji yanapopanda sana na kushuka sana, na siku za maji mafu, yanapotembea kidogo. Aliposhuku kina alitupa bildi, akapima. Alijua pia majira ya pepo: kaskazi, iletayo vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi tangu Desemba hata Machi, na kusi, ivirudishayo tangu Aprili hata karibu na Oktoba. Mtu asiyejua haya aliweza kuvuka bahari yote salama, kisha akavunja chombo chake mbele ya macho ya watu waliokuja kumpokea.

Mfano mkuu wa kosa la namna hii uko katika historia ya Lamu yenyewe. Yapata mwaka 1812, jeshi la Pate pamoja na Wamazrui wa Mombasa lilikuja kuishambulia Lamu. Walishuka Shela, mahali penye mchanga mrefu na vilima vya mchanga, karibu na mlango wa bandari. Watu wa Lamu waliwatokea, wakapigana nao, wakawashinda. Wale walioshindwa walikimbilia ufukoni ili wapande vyombo vyao waondoke. Wapokezi wa habari husema kwamba walikuta maji yamekupwa na vyombo vimekaa juu ya mchanga. Wengi waliuawa pale pale, na kwa miaka mingi baadaye mifupa yao ilikuwa ikionekana kati ya vilima vile. Baada ya vita hivyo Lamu ilitaka hifadhi ya Sayyid Said wa Oman, na mambo ya siasa ya pwani yote yakageuka. Jeshi hilo lilijua kutua lakini halikufikiri habari za kuondoka. Waliangalia adui, hawakuangalia bahari.

Sasa tutoke baharini twende hewani. Tarehe 17 Desemba 1903, ndugu wawili wa Marekani, Orville na Wilbur Wright, walirusha ndege yenye injini mahali paitwapo Kitty Hawk. Walipachagua kwa sababu palikuwa na upepo wa kudumu na mchanga laini wa kuangukia. Mtu wa Shela angelipaona angedhani yuko kwao. Safari ya kwanza ilidumu sekunde 12, ikafika mita 37 hivi. Siku ile ile waliruka mara nne. Baada ya mara ya nne, ndege ikiwa imesimama chini, ulivuma upepo wa ghafula ukaipindua na kuivunja. Hivyo tangu siku yake ya kwanza ndege ilionyesha tabia yake: hewani ilistahimili, na msiba uliipata chini.

Afrika Mashariki haikungoja sana. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson, pamoja na rubani Tom Campbell Black, walianzisha Wilson Airways mjini Nairobi. Ndege zao ndogo zilichukua abiria na barua, na safari zao zilifika pwani hata Unguja. Kampuni hiyo ilikoma vita vikuu vya pili vilipoanza, lakini jina lake limebaki katika uwanja wa Wilson, na mpaka leo ndege ndogo nyingi ziendazo Lamu huanzia hapo. Mwaka 1931 Imperial Airways ya Uingereza ilifungua njia ya kuja Afrika Mashariki, na mwaka 1937 ilileta ndege za kutua majini. Ndege hizo zilitua Kisumu katika ziwa, kisha zikashuka pwani: Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, na kuendelea kusini hata Durban.

Hebu tuzifikiri kidogo ndege hizo za majini. Tumbo lake lilikuwa kama la mashua. Kabla ya kutua ilipasa motaboti izunguke kwanza mahali pale kuangalia kama hapana gogo wala mtumbwi njiani. Ilipokwisha kutua, abiria walipelekwa pwani kwa mashua. Watu wa bandari walipoiona walikuwa na haki ya kuihesabu kuwa chombo chenye mabawa. Yamkini ndiyo sababu maneno ya baharini yaliihamia ndege bila taabu. Mwongozaji wake akawa rubani. Kizungushio chake cha mbele kikaitwa rafadha, kama kile cha meli. Ikawa na usukani, ikawa na abiria, na mahali pake pa kufikia pengine pakaitwa bandari ya anga. Wenyeji waliokwisha kuwa na elimu ya kutua kwa karne nyingi hawakuhitaji kuazima maneno.

Mwaka 1946 lilianzishwa shirika la East African Airways, ambalo lilikuwa mali ya pamoja ya nchi zetu mpaka lilipovunjika mwaka 1977, na mwaka huo huo Kenya Airways ikazaliwa. Viwanja vikubwa vilijengwa Nairobi na Mombasa. Manda kwa muda mrefu ulibaki uwanja mdogo, wa ndege chache zenye viti vichache. Baadaye njia yake ya kurukia ilirefushwa na kutandazwa lami. Katika miaka ya karibuni zimefika huko ndege za rafadha mbili za aina ya Dash 8, ziwezazo kuchukua abiria zaidi ya 70, pamoja na ndege ndogo za Cessna Caravan, zenye injini moja. Yafaa msomaji asiuchanganye uwanja huu na ule wa kijeshi wa Manda Bay, ulioko bara, ulioshambuliwa na al-Shabaab tarehe 5 Januari 2020.

Faida ya uwanja wa Manda haikuwa ya watalii peke yao. Njia ya gari ya kutoka Mombasa kwa Garsen na Witu ilikuwa kwa miaka mingi mbovu wakati wa mvua, na baada ya mashambulio ya Mpeketoni ya Juni 2014 watu wengi waliiogopa. Mgonjwa aliyehitaji daktari wa Nairobi au Mombasa, mwalimu aliyepelekwa kazini, na karani mwenye karatasi za serikali, wote waliona ndege kuwa njia ya salama. Kwa hiyo habari ya kutua vyema Manda si mchezo. Ni habari ya uhai wa watu.

Sasa na tueleze jinsi ndege inavyotua, kwa maana mwenye kutazama bila kujua huona kelele tu. Ndege ikikaribia uwanja huteremka taratibu kwa njia ya mshazari. Pembe itumiwayo mara nyingi ni digrii 3. Katika pembe hiyo ndege hushuka kiasi cha mita 52 kwa kila kilomita moja. Kwa hiyo ikiwa bado kilomita 2 kufika, iko juu kama mita 105 tu; na ikiwa bado nusu kilomita, iko juu kwa mita 26, urefu usioushinda sana mnazi mrefu. Mtu aliye katika mashua chini yake huweza kuyaona magurudumu.

Jambo la pili ni upepo. Rubani hupenda kutua akiuelekea upepo, si kuupa mgongo. Tuchukue mfano wa hesabu. Ndege inayokwenda hewani kwa kilomita 160 kwa saa, ikipigwa usoni na upepo wa kilomita 30, hugusa ardhi kwa mwendo wa kilomita 130. Ikiwa upepo huo huo uko mgongoni, hugusa ardhi kwa mwendo wa 190. Na nguvu inayotakiwa kusimamisha kitu haikui sawasawa na mwendo, bali hukua kwa kipeo cha pili chake. Mwanafunzi akipiga hesabu ataona kwamba kuisimamisha ndege hiyo katika hali ya pili ni kazi iliyo zaidi ya mara mbili ya hali ya kwanza. Ndiyo maana kila uwanja una kifuko cha upepo juu ya mlingoti. Kitambaa hicho duni, ambacho mtoto aweza kukidhani bendera mbovu, ndicho kinachomwambia rubani atokee upande gani. Nahodha wa Lamu atazamaye kipepeo cha mlingoti wake kabla ya kuingia bandarini hufanya kazi ile ile.

Upepo wa ubavuni nao una taabu yake. Kusi ikivuma kwa nguvu, au kaskazi ikikaza, ndege husukumwa pembeni kama mashua inavyosukumwa na mkondo. Rubani hana budi kuielekeza pua ya ndege upande wa upepo, ije kama kaa atembeavyo, kisha kuinyosha karibu na kugusa ardhi. Mtazamaji aonaye ndege ikija upande upande aweza kudhani kwamba imepotea njia, kumbe hapo ndipo ilipo katika njia yake hasa.

Manda una wepesi mmoja. Uko karibu na usawa wa bahari, ambapo hewa ni nzito na huyabeba mabawa vizuri. Uwanja wa Wilson uko juu kwa zaidi ya mita 1,600, na huko hewa ni nyepesi. Ndege huhitaji mbio zaidi ili kuruka. Lakini Manda una ugumu wake pia: maji karibu pande zote, mikoko, ndege wa angani, na usiku giza la bahari lisilo na taa za kumwonyesha rubani ardhi ilipo. Mtu aliyekosea uwanja wa bara huangukia shamba. Aliyekosea uwanja wa kisiwa huangukia bahari.

Viko viwanja duniani vilivyo vigumu kuliko huu. Katika mji wa Hong Kong ulikuwako uwanja wa Kai Tak, ambao njia yake ilijengwa ndani ya ghuba. Rubani alikuja akiuelekea mlima uliochorwa miraba ya rangi. Alipouona alipinda kulia, akiwa chini, karibu na mapaa ya nyumba, kisha akatua. Uwanja huo ulifungwa mwaka 1998, na marubani waliouzoea waliusimulia kama manahodha wasimuliavyo mlango mbaya wa bandari. Karibu nasi zaidi uko Goma, mashariki mwa Kongo. Januari 2002 mlima wa Nyiragongo ulitapika moto, na mawe yaliyoyeyuka yakafunika sehemu ya njia ya ndege. Njia ikawa fupi. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria ilishindwa kuruka hapo, ikapita mwisho wa njia na kuingia mtaani penye soko. Watu 40 hivi walikufa, na wengi wao hawakuwa abiria. Walikuwa wakinunua na kuuza.

Katika Visiwa vya Ngazija, ambavyo watu wake ni jamaa zetu kwa damu na kwa lugha, uwanja mkuu uko kati ya bahari na mlima. Usiku wa tarehe 30 Juni 2009 ndege iliyotoka Yemen ilikuwa ikizunguka ili itue hapo, na upepo ulikuwa mkali. Wachunguzi walisema baadaye kwamba marubani waliiendesha vibaya katika kuzunguka huko hata mabawa yakashindwa kuibeba. Ilianguka baharini. Kati ya watu 153 alipona msichana mmoja, aliyeshikilia kipande cha ndege kwa saa nyingi mpaka akaokolewa na chombo.

Baada ya kusema haya, twaweza kuwafikiri wale wasimamao kutazama. Katika kila nchi watu hupenda kuona ndege ikitua kwa karibu. Katika kisiwa cha Saint Martin, upande wa bahari za Marekani, ufuko wa Maho uko mwisho kabisa wa njia ya ndege, na wageni huenda huko makusudi ili ndege kubwa zipite juu ya vichwa vyao. Wengine hushika seng'enge ili wasukumwe na pumzi ya injini. Mwaka 2017 mwanamke mmoja mgeni alirushwa na pumzi hiyo, akaanguka, akafa. Hakuguswa na ndege. Aliguswa na upepo wake tu.

Wala ujuzi haumtoi mtu katika hatari hii. Yule Tom Campbell Black tuliyemtaja, aliyesaidia kuanzisha Wilson Airways, alishinda pamoja na mwenzake mashindano ya kuruka kutoka Uingereza hata Melbourne, Australia, mwaka 1934. Alivuka nusu ya dunia akapona. Mwaka 1936, akiwa katika ndege yake chini, uwanjani Speke karibu na Liverpool, aligongwa na ndege ya kijeshi iliyokuwa imekwisha kutua, akafa. Mtu aliyezishinda bahari na majangwa aliuawa mahali ambapo mtoto angedhani pa salama.

Lakini haifai kuwaambia vijana kwamba kutazama ni kosa. Kijana wa Lamu aliyekaa karibu na gati la Manda, au aliye katika mashua ya baba yake mkondoni, akiangalia ndege inavyoshuka, yumo katika darasa ambalo hakuna shule iwezayo kulijenga. Aweza kujifunza hesabu ya pembe, sheria za mwendo, na majira ya pepo. Sharti lake ni kusimama mahali palipoamriwa na kuheshimu ua wa uwanja. Tena kuna jambo kubwa zaidi, ambalo historia imelithibitisha mara tatu katika siku zetu. Pengine mtazamaji ndiye mwokozi wa kwanza.

Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 23 Novemba 1996. Ndege ya Ethiopia, iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ilitekwa nyara, na watekaji hawakutaka kusikia kwamba mafuta hayatoshi. Rubani Leul Abate alifuata pwani ya Afrika alivyoweza, kisha akalazimika kuelekea Ngazija. Injini zilizimika. Aliishusha baharini karibu na ufuko wa Mitsamiouli, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakipumzika. Bawa la kushoto liligusa maji kwanza, ndege ikavunjika. Kati ya watu 175, walikufa 125. Wenyeji na wageni walioona walitia mashua majini wakawatoa waliopona. Twajua pia kwamba baadhi ya waliokufa walikuwa wamejaza hewa maboya yao wakiwa bado ndani ya ndege. Maji yalipoingia, maboya yakawainua mpaka darini, wasiweze kupiga mbizi kutoka. Kila abiria wa ndege apitaye juu ya maji na alikumbuke hili: boya hujazwa hewa mtu akisha kutoka mlangoni.

Mara ya pili ni tarehe 15 Januari 2009, mjini New York. Ndege iliyokuwa imetoka tu kuruka iligonga kundi la mabata bukini, injini zote mbili zikapoteza nguvu, na rubani akaishusha katika mto Hudson. Watu wote 155 waliokoka. Sifa nyingi alipewa rubani, naye alistahili. Lakini maji yalikuwa ya baridi kali, na waliowachukua abiria juu ya mabawa yaliyokuwa yakizama walikuwa manahodha wa vivuko vya mji, ambao walikuwa katika kazi yao ya kila siku.

Mara ya tatu ni tarehe 6 Novemba 2022, Bukoba, Tanzania. Uwanja wa Bukoba uko ukingoni mwa Ziwa Viktoria, kama ule wa Manda ulivyo ukingoni mwa bahari. Ndege ya ATR iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilikuja katika mvua na upepo, ikaanguka ziwani kabla ya kuifikia njia. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi katika mitumbwi yao. Kijana mmoja wa kazi ya dagaa aliupiga mlango kwa kasia mpaka ukafunguka, watu wakatoka. Waliokoka 24. Waliokufa walikuwa 19, marubani wote wawili wakiwa miongoni mwao.

Msomaji wa Lamu ayapime mambo haya matatu kwa hali ya kwao. Uwanja wa Manda una bahari karibu. Mkondo wake haukosi mashua mchana kutwa: za wavuvi, za abiria, za mchanga na mawe. Siku ikitokea ajali ya maji, ambayo twaomba isitokee, yawezekana nahodha wa mashua atafika pale kabla ya mtu mwingine yeyote. Je, ana kamba ya kutosha? Ana maboya? Anajua mlango wa ndege hufunguliwaje kwa nje, na anajua kwamba mafuta yakielea juu ya maji sigara moja yatosha kuwaka? Anajua ni nani wa kumpigia simu? Kijana wa Bukoba hakufundishwa haya, akafanya kwa moyo wake. Moyo ni kitu kitukufu, lakini jamii isiutegemee moyo peke yake. Mafunzo ya siku chache kwa manahodha wa mkondo wa Manda, maboya yaliyowekwa gatini, na zoezi la pamoja kati ya watu wa uwanja na watu wa mashua kila majira ya upepo yanapogeuka, hayana gharama kubwa. Gharama ya kuyakosa yajulikana Bukoba.

Watu wengine hupenda kusema kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Ni methali ya kuwafariji waliofiwa, na kwa kazi hiyo ni njema. Haifai kufanywa kanuni ya kazi. Vyombo vilivyokwama Shela vilikwama kwa sababu watu hawakuhesabu maji. Njia ya Goma ilijulikana kuwa imefupishwa. Abiria wa Ngazija walizuiwa na maboya yaliyojazwa mapema. Katika kila habari mlikuwa na jambo ambalo mtu aliweza kulijua kabla, na elimu ya rubani, awe wa bahari au wa anga, ni kulijua jambo hilo kabla.

Mwaka 2021 bandari mpya ya Lamu ilifungua gati lake la kwanza upande wa bara, na meli kubwa zikaanza kufika katika maji yale yale yaliyopitwa na mitepe. Vyombo vitazidi, vya baharini na vya hewani, na watoto wa visiwa hivi wataendelea kusimama ufukoni na kuvitazama. Miongoni mwao watatoka marubani wa namna zote mbili. Wengine watabaki na mashua zao mkondoni, na hao nao ni sehemu ya uwanja, ijapokuwa majina yao hayamo katika daftari lake.